Saa ya Mashine

Tulianza saa sita usiku, bando la usiku lilipofunguka,
mimi na laptopu yangu ya bawaba moja,
ndani ya steshenari, Igogo, mlango nimeurudishia
mbu wa ziwani wasidhani wamealikwa.

Sababu ni printa. Mpya, imesusa mfumo wangu mkongwe
kama mgeni aliyepakuliwa dagaa akitarajia sato.
Na Masalu, karani wa mwalo kule Kayenze,
anataka hesabu zake asubuhi, kurasa arobaini:
kilo, mitumbwi, majina, faini.
"Pandisha toleo tu," shemeji alisema kwenye simu,
kwa wepesi wa mtu anayeshauri akiwa Dodoma.

Nikapandisha.

Asilimia kumi. Thelathini. Nikabandika chai.
Sitini na tatu, umeme ukaenda zake.

Betri ya mashine hii ilikufa siku nyingi,
inaishi kwa waya kama mgonjwa wa Bugando.
Taa za mlimani zilizimika kwa mkupuo,
mawe yakabaki na weusi wao wa siku zote.

Uliporudi, kioo kilikuwa cheusi,
kistari kimoja cheupe kikipepesa,
kama mtu anayetaka kusema jambo na amesahau jina lako.

Nikafanya yote niyajuayo, na mawili nisiyoyajua.
Nikachomeka flashi ya akiba aliyoniachia fundi Bugumba,
nikabonyeza kitufe, nikabonyeza, nikabembeleza.
Ikaamka nusu. Nikaiambia: shusha mafaili yaliyopungua.
Ikajibu, kila mara, maneno yaleyale:

Cheti cha seva hakikubaliki. Muda wake bado haujaanza.

Haujaanza?
Mimi nimezoea vilivyokwisha muda:
leseni ya biashara, bima, mapenzi ya baba Ndaki.
Kisichoanza sijapata kukiona.

Ndipo nikatazama pembeni, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.

Kumbe haikuwa kaidi.
Ilikuwa inakaa mwaka wake, kwa uaminifu,
na watu wa kesho wakaja usiku wakigonga
na makaratasi ya kesho mkononi.
Mlinzi gani angefungua?
Mwaka ule nami nilikuwa Bwiru, kidato cha pili,
magoti yana vumbi, sina cheti hata cha kukimbia.
Ungenionyesha hiki nilicho nacho leo, kimewekewa fremu,
ningekuita tapeli.

Nikairekebisha tarehe kwa mkono. Ikakubali, ikaenda,
tisini na moja,
umeme ukacheza, kope moja tu,
tukarudi sote elfu mbili na tisa.

Asubuhi nilikuwa Makoroboi kabla meza hazijapangwa.
Nyamizi, fundi saa, alikuwa bado anapiga mswaki.
"Yenye umbo la sarafu," nikasema.
"Elfu mbili."
"Elfu moja na mia tano."
Akatema povu, akasema elfu mbili.

Nilifungua skrubu kumi na moja.
Ndani: ganda la karanga, unywele wangu mrefu wa enzi zile,
mbawa za vijidudu vinavyopanda ziwani kama moshi,
na kisarafu kilichochoka, kidogo kuliko kishikizo cha shati.
Hicho ndicho kilikuwa kinashika miaka yote.

Skrubu zilirudi kumi. Sijui.

Ikafika mia. Ikajizima, ikajiwasha, ikanisalimu kwa jina.
Sauti haitoi tena, spika zimekuwa bubu,
na Masalu alifika saa saba akinuna,
akahesabu kurasa kwa mate ya kidole,
ya kumi na saba imechafuka wino,
akalipa nusu.

Jioni umeme ukakatika.
Nikakaa gizani na mashine yangu, hatusemezani.
Ukarudi. Sikutazama faili, sikumtazama mteja,
nilitazama pembeni, chini kabisa.

Alhamisi.
Nikatoka nje kumuuliza muuza vocha.
Alhamisi, akasema, kwani vipi?